Kipengele cha Tisa

Wako watu wanaowadharau wenzao kwa sababu wamejenga, na wako wanaowadharau kwa sababu wana gari. Madam Herieth Kamugisha wa Shule ya Sekondari Upeo Mpya, Kiwalani, aliwadharau wenzake kwa sababu hawasomi. Dharau yake ilikuwa imekomaa, ya mtu aliyetendewa kosa lilelile kila wiki kwa miaka sita, na kusema kweli hakuwa amekosea sana. Alikosea kidogo tu, na kidogo hicho kilimtosha.

Kwenye mkataba aliajiriwa kufundisha Kiswahili Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kazi yake ya pili, ambayo haikuandikwa popote wala hakuna mtu aliyeishukuru, ilikuwa Karatasi ya Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi tisini na sita wa vidato hivyo viwili waliondoka na karatasi moja yenye habari za wiki inayokuja: mtihani wa jiografia ni lini, nani wana zamu ya usafi, chanjo, soksi, basi la shule litapita wapi baada ya mvua kuichimba barabara. Chini kabisa palikuwa na kipande cha kukata kilichosema, "Mimi mzazi au mlezi nimesoma na kuelewa." Mzazi anasaini, mtoto anakirudisha Jumatatu.

Herieth aliiandika kwa moyo. Aliweza kukaa nusu saa nzima akitafuta namna ya kuwaambia wazazi wawakate watoto wao kucha bila kuwavunjia heshima. Kila wiki aliweka sentensi mbili tatu za mambo mazuri yaliyotokea darasani, ili mzazi ajue kwamba mtoto wake haendi shule kukalia dawati tu. Halafu akaichapa, akaigawa, na ikaenda kufungia chapati.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Karatasi ya Ijumaa ilifutia vioo vya bajaji, iliwashia mkaa, ilikunjwa ikawekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kipande cha chini ndicho kilichothaminiwa, na chenyewe kilisainiwa Jumatatu asubuhi pale getini, mzazi akiwa na haraka, mtoto akilia kwamba bila saini haingii. Herieth alishamwona kwa macho yake baba mmoja akisainia juu ya mgongo wa mwanawe, simu ikiwa begani, akimwambia mtu wa upande wa pili kwamba yuko Mbagala.

Mwenye shule, Bwana Augustine, aliyetaka aitwe Mkurugenzi, alikuwa mtu wa kupenda ushahidi. Alivipenda vile vipande kuliko karatasi yenyewe. Alivionyesha kwa wakaguzi na kwa wazazi waliokuja kuulizia nafasi, vikiwa vimefungwa kwa mpira, wiki baada ya wiki, ndani ya boksi la viatu. "Hapa kwetu mzazi halali bila taarifa," alisema, na wote waliosikia walitikisa kichwa kwa heshima. Yeye mwenyewe hiyo karatasi hakuwahi kuisoma hata siku moja.

Basi ukawadia mkutano wa wazazi wa mwezi wa tatu. Mama Zain, jina lake Rumana, mke wa Abdulhussein mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasimama na miwani yake kichwani. "Sie hapa hatuambiwi kitu," alisema. "Mtoto kapelekwa Bagamoyo, mie nimejua jioni alivyorudi na mchanga kwenye viatu." Safari ya Bagamoyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi tatu mfululizo, ya mwisho kwa herufi kubwa. Saini ya Mama Zain ilikuwamo ndani ya boksi mara tatu. Ukumbi mzima ukampigia makofi, na Mkurugenzi akamgeukia Herieth mbele za watu akamwambia ajirekebishe.

Siku ile Herieth hakulala njaa, lakini alilala na hasira, na hasira ya mtu mwenye akili ni mbaya kuliko ya mjinga kwa sababu inajua kusubiri. Alisubiri hadi wiki moja kabla ya mkutano uliofuata. Alimwambia mwenzake mmoja tu, Cyprian, mwalimu wa Biolojia, kijana wa kucheka hovyo.

"Nataka mtu mmoja tu," alisema Herieth. "Katika wote hao, mmoja tu aniambie nimesoma. Hayupo."

"Andika waje na tembo," alisema Cyprian.

"Kwa tembo watashtuka."

"Hawa? Hawashtuki hawa, Madam. Nyie walimu wa Kiswahili mnawaonea huruma."

Ijumaa ile, kati ya kipengele cha nane kilichohusu soksi nyeupe na cha kumi kilichohusu shindano la insha, Herieth aliandika: "9. Jumatatu kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili aje na mbuzi mmoja aliye hai kwa ajili ya somo la Biolojia. Mbuzi watarudishwa Ijumaa."

Mpango wake ulikuwa safi. Vipande vingerudi vyote na saini zake. Jumamosi mkutanoni angesimama, angesoma kipengele cha tisa taratibu, kisha angeanza kuita majina: fulani, umesoma na kuelewa, mbuzi wako yuko wapi? Alishapanga hata mahali pa kunyamaza ili aibu iingie vizuri. Wala hakuwaza kwamba mtego hauchagui mguu.

Jumatatu saa moja kasoro robo mlinzi alimwita getini. Alikuta mzee mmoja wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa, na mkononi kamba, na kwenye kamba mbuzi jike mweupe mwenye doa jeusi shingoni. Mzee yule alimpita Herieth umri kama baba yake mdogo, na mtu mwenye adabu angemwamkia. Herieth hakumwamkia.

"Habari za asubuhi, Madam," alisema mzee. "Mie Kornelio, baba yake Tunu, wa Kidato cha Pili. Nimemleta."

"Umemleta nani?"

"Kipengele cha tisa."

Akatoa mfuko wa nailoni kwenye kwapa, na ndani ya mfuko akatoa Karatasi ya Ijumaa, safi, imekunjwa mara moja tu, na chini ya baadhi ya mistari imepigiwa penseli. Kumbe alikuwa nazo zote humo, tangu Tunu alipoanza Kidato cha Kwanza.

"Haikusema dume au jike," aliendelea. "Nikaona jike ni mtulivu, hatawasumbua watoto. Huyu si wangu. Mie kazi yangu ni machinjioni pale Vingunguti, nachuna. Huyu ni wa Nurdin, mfanyabiashara, alikuwa achinjwe jana. Nimemwomba amwachie hai mpaka Ijumaa, amekubali. Ila Ijumaa anamtaka, Madam, nimempa neno langu."

Alikuwa ametembea na mbuzi huyo kutoka Vingunguti mpaka Kiwalani tangu alfajiri, watu wakimcheka njiani. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno matano tu yangetosha: samahani mzee, ulikuwa utani wangu. Mwanamke aliyejua kuandika nusu saa juu ya kucha alikosa maneno matano. Alitazama nyuma akaona wazazi wanashusha watoto, akaona mlinzi anasikiliza, akasema kwa sauti ya kiofisi, "Mfunge nyuma ya maabara." Waoga wote wenye elimu huwa na sauti hiyo.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wazazi waliokuwa getini walimwona mbuzi. Walimwuliza mlinzi, mlinzi akawaambia wa Biolojia, Kidato cha Pili, iko kwenye karatasi. Ungedhani mtu mzima mwenye kichwa chake angesema, jamani, mie sikuisoma. Hakuna aliyesema. Kila mmoja alitikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa tu, akaenda pembeni kupiga simu.

Saa nne Mama Zain alimpigia Herieth. "Madam, yule mbuzi tunamleta, usijali, dereva ametoka kidogo. Nilitaka kuuliza tu, ni wa kienyeji au wa kisasa? Maana karatasi haikufafanua."

"Wa kienyeji," alisema Herieth, akakata simu.

Saa sita akafika Editha, katibu wa kamati ya wazazi, mwenye saluni, na beberu anayenuka akiwa amefungwa nyuma ya bajaji. "Mie niliisoma Ijumaa ileile," alisema bila kuulizwa. "Ishu ilikuwa usafiri." Jumanne walikuja wanne. Jumatano mzazi mmoja alileta kondoo, akasema mbuzi wamepanda na Biolojia ni ileile. Kufikia Alhamisi nyuma ya maabara palikuwa na mbuzi kumi na mmoja na kondoo mmoja. Maua ya Mkurugenzi yalikuwa yameisha, mtihani wa jiografia ulifanywa kwa kelele za mabeberu wawili, na Cyprian alilazimika kufundisha vipindi vitatu juu ya meno ya mbuzi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Hakuna mzazi hata mmoja aliyeuliza mbuzi wa nini. Aibu ya kutosoma ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kumsaka mbuzi mji mzima, na ukitaka kuwajua watu hawa waliojaa vyeo vya mama fulani na baba fulani, anzia hapo.

Mkurugenzi alikuwa Dodoma. Aliporudi Alhamisi mchana, kitu cha kwanza alichokanyaga kilikuwa kinyesi cha mbuzi. Akamwita Herieth ofisini.

"Nani ameandika huu upuuzi?"

"Sijui, Mkurugenzi," alisema Herieth. "Naona wazazi wamesikilizana huko mtaani."

"Karatasi ya wiki iliyopita nione."

Akamletea. Ilikuwa imechapwa upya saa moja kabla, na kipengele cha tisa kilihusu usomaji wa vitabu. Mkurugenzi akaitazama jinsi alivyotazama karatasi zote, yaani juu na chini.

"Sawa," alisema. "Jumamosi nitawauliza wazazi, na kabla ya hapo mbuzi hatoki hata mmoja. Akitokea mmoja mwenye karatasi ya mbuzi, na iwe imetoka kwako, Jumatatu usije. Na wiki hii hakuna karatasi yoyote kutoka."

Herieth hakuogopa wazazi wengi. Aliwajua. Tisini na tano kati ya karatasi zile zilishakuwa majivu na mafuta ya chapati. Iliyomtisha ilikuwa moja, ile ya mfuko wa nailoni. Kibarua chake kizima kilikuwa kwapani mwa mchuna ngozi wa Vingunguti. Ijumaa, shule ilipokwisha kutoka, alishusha boksi la viatu atafute kipande cha Kornelio, aone namba ya simu, aangalie huyu ni mtu wa namna gani na anaongeleka vipi. Alikipata. Saini ilikuwa ya mtu aliyefundishwa mwandiko na masista, imenyooka. Alipokuwa akitafuta namba, akakigeuza.

Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya penseli. "Madam, mbuzi nitamleta. Naomba nijue atafungwa wapi, maana jua la siku hizi ni kali."

Akatafuta cha wiki iliyotangulia. Akakigeuza. "Madam, kipengele cha nne hakisemi saa ngapi." Akafungua fungu jingine, na jingine. "Umeandika kwamba watoto wameghani shairi vizuri. Hukusema shairi gani. Tulimwomba Tunu alighani, tumelipenda." "Asante kwa habari ya chanjo, tulikuwa hatujui." Kila wiki. Mwaka na nusu mtu huyu alikuwa akimjibu, na Herieth alikuwa akivihesabu vipande, tisini na sita, sawa, mpira, boksi. Upande wa pili hakuwahi kuugeuza hata mara moja. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa nyani mwenye shahada.

Kimoja cha mwaka jana, mwezi wa nane, kilikuwa kirefu kuliko vingine. "Madam, mama yake Tunu amefariki Jumanne. Tunamzika kwao Newala. Tunu atarudi wiki ya pili yake. Kipengele cha sita, cha viatu vyeusi, naomba tusubiriwe kidogo."

Herieth aliikumbuka wiki hiyo. Alikumbuka msichana mmoja aliyerudi shule akiwa na kandambili, na alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa mstarini mbele ya wenzake, akamwuliza kama kwao hawajui kusoma, akamsimamisha juani mpaka mapumziko. Mtoto hakusema neno. Herieth alikaa chini na kile kipande mkononi, akaona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu aone joto masikioni akiwa peke yake chumbani. Dharau ingekuwa nguo, angeivua pale pale. Lakini alivifunga vipande kwa mpira, akarudisha boksi juu ya kabati, akaenda nyumbani. Kazi alikuwa bado anaitaka.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko mkutano wowote uliopita, kwa kuwa kila mtu alitaka kujua mbuzi wake atarudishwaje. Mkurugenzi alisimama.

"Ndugu wazazi, hapa shuleni hakuna mwalimu aliyewaagiza mbuzi. Madam Herieth amenihakikishia mwenyewe, na karatasi ninayo. Sasa mwenye karatasi inayotaja mbuzi aitoe tuione."

Wazazi walitazamana. Mwenye pochi alifungua pochi, mwenye mfuko akapapasa mfuko, kwa kujionyesha tu, maana kila mmoja alijua kwamba karatasi hana na hakuwahi kuwa nayo.

"Mie niliisoma ila iko nyumbani," alisema Mama Zain.

"Mie pia," alisema Editha.

"Basi nani aliwaambia?"

Hapo kusoma kukaisha na kuchomana kukaanza. Mama Zain alisikia kwa Editha. Editha alisikia kwa dereva wa basi la shule. Dereva alisimama mlangoni akasema yeye hajui lolote, alimwona tu yule mzee pale Jumatatu, na mbuzi. Vichwa vyote viligeuka nyuma, kwenye kiti cha mwisho, alipokaa Kornelio na mfuko wake wa nailoni magotini.

Alisimama. Alimtazama Mkurugenzi, kisha akamtazama Herieth, na Herieth akaona kwamba ameshaelewa kila kitu: kwamba mbuzi hakuhitajika, kwamba kilikuwa kicheko, na kwamba mwenye kicheko chake amemkana. Herieth akatazama sakafu. Cyprian alikuwa akichunguza kucha zake.

"Mzee, wewe karatasi unayo?" aliuliza Mkurugenzi.

Kornelio aliubana mfuko kwapani.

"Sina," alisema. "Mie kusoma kwenyewe ni kwa shida. Nilisikia mtaani, nikadhani ni kweli. Mnisamehe."

Ukumbi ulicheka. Walicheka kwa nguvu, kicheko cha watu waliopata wa kumtupia mzigo, na Mama Zain akafuta machozi kwa mtandio. "Mnaona sasa," alisema Mkurugenzi. "Mtu hajui kusoma, anatujazia shule mbuzi. Na nyie wasomi mnamfuata." Hata hilo walilicheka. Kornelio aliitika kwa kichwa, akaketi. Herieth alikuwa na mdomo, alikuwa na miguu, alikuwa na sauti inayofika mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti. Hakusimama.

Mkutano ulipokwisha alimkuta Kornelio nyuma ya maabara akifungua kamba. Yule jike alikuwa amechelewa siku moja, na neno la Kornelio kwa Nurdin lilikuwa limeshavunjika. Mzee alimsikia akija ila hakugeuka.

"Shikamoo, baba," alisema Herieth.

"Marahaba."

"Baba Tunu, mie... vile vipande vyako, nimevisoma. Vyote. Jana."

"Ahaa." Aliikunja kamba mara mbili mkononi. "Tunu anasema akimaliza atasomea ualimu, awe kama wewe. Ningeitoa ile karatasi angejua ulituandikia mbuzi kwa kutucheka. Ndiyo maana nikanyamaza. Usidhani nilikuonea huruma."

Herieth alisogea pembeni kumpisha mbuzi.

"Wewe endelea kuandika, ndiyo kazi yako," alisema Kornelio, akimvuta mbuzi kuelekea getini. "Ila mie sitasoma tena, Madam. Kuanzia Ijumaa ijayo nitasaini tu."